Kudokeza, kupima au kuondoa njia panda: ulinganisho kwa anayetaka kurekebisha kipangazamu cha Linux

Katika karakana yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, tunatunza mashine za aina mbili ambazo kerneli yake, yaani kitovu cha mfumo endeshi wa Linux, tunaiunda wenyewe: visanduku vidogo vinavyosoma mizani katika vituo vya kupokelea maziwa upande wa Pongwe na Muheza, na seva moja ya mtumba inayopokea taarifa za vituo hivyo vyote. Binti mmoja anayejifunza kazi kwetu aliwahi kuniuliza, baada ya kuona neno `likely` (kidokezo cha mwandishi kwamba sharti fulani huenda likawa kweli; kinyume chake ni `unlikely`) limetapakaa katika faili la kipangazamu, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayoamua kazi ipi ipewe prosesa na kwa muda gani, "Mwalimu, kwa nini tusiyaongeze pale yanapokosekana ili mashine iende kasi zaidi?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile na jibu langu halikuniridhisha mwenyewe. Haya ninayoandika ndiyo jibu refu. Anayetaka kipangazamu kisipoteze muda kwenye njia panda zake ana njia nne za kuchagua, ukiacha ile ya kutogusa kitu, nazo hazilingani kwa faida, kwa gharama wala kwa hatari ya kujidanganya.

Kidokezo kinazungumza na nani

Kila penye sharti katika msimbo pana njia panda: sharti likiwa kweli prosesa inaendelea na maelekezo haya, lisipokuwa kweli inaruka kwenda kwingine. Prosesa ya leo haingoji sharti lipate jibu, kwa kuwa maelekezo hupita katika bomba refu, na bomba likikauka kazi imesimama. Kwa hiyo kitabiri kilichomo ndani yake hukisia upande mmoja na kazi ikaendelea kana kwamba jibu limeshajulikana. Muuza kahawa wa barazani hufanya vivyo hivyo: akimwona mzee fulani anakunja kona, huinamisha dele na kikombe kikajaa kabla salamu hazijaisha. Siku mzee huyo akitaka maji matupu, kahawa inamwagwa, kikombe kinasuuzwa, na waliokuwa nyuma yake wanangoja. Kwa prosesa nyingi za seva na za mezani, kusuuza huko hugharimu takriban mapigo 15 hadi 20 ya saa ya prosesa. Kwa prosesa ndogo yenye bomba fupi, kama Cortex-A53 ambayo bomba lake lina hatua 8, gharama hiyo hupungua.

Wengi hudhani kwamba `likely` ni ujumbe kwa kitabiri. Sivyo. Zamani kidogo palikuwa na kitu cha namna hiyo: Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na alama mbili, 2E na 3E, ambazo ziliweza kubandikwa mbele ya ruko lenye sharti ili kuiambia prosesa ielekee wapi, lakini prosesa za Intel zilizoifuata zilizipuuza alama hizo kwa miaka mingi. Makro za `likely` na `unlikely` katika kerneli zimejengwa juu ya `__builtin_expect`, na hiyo huzungumza na kompaila peke yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya prosesa. GCC, ambayo ni mojawapo ya kompaila, ikiikuta, kwa kawaida huchukulia kwamba upande uliodokezwa utatokea kwa asilimia 90, kisha hupanga msimbo kwa kuzingatia hilo: upande unaotarajiwa hufuatana moja kwa moja bila kuruka, na upande usiotarajiwa husukumwa mbali, mara nyingine hadi katika sehemu ya msimbo baridi inayoitwa `.text.unlikely`. Kwa hiyo kidokezo ni agizo la kupanga samani ndani ya nyumba. Kitabiri hakipati habari yoyote. Kinachobadilika ni kwamba njia inayopitwa mara nyingi inakaa katika mistari michache ya kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa), yenye baiti 64 kila mmoja kwa mashine nyingi, na kwamba ruko ambalo kitabiri hakijawahi kuliona, na ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa halitarukwa, linaangukia upande ulio sahihi.

Hesabu kabla ya kugusa

Anayetaka kuamua aanze na hesabu ndogo, kwa sababu hesabu hiyo pekee huwatoa wengi kwenye kazi hii. Chukua kiini kimoja cha prosesa cha gigahezi 3, yaani mapigo 3,000,000,000 kwa sekunde. Tuseme kinabadilisha kazi mara 20,000 kwa sekunde, jambo linaloonekana katika safu ya `cs` ya amri ya `vmstat` ukigawanya kwa idadi ya viini, na tuseme kwa ukarimu kwamba marekebisho yako yanaokoa makosa matano ya utabiri katika kila badiliko, kila kosa likigharimu mapigo 20. Umeokoa mapigo 2,000,000, ambayo ni chini ya asilimia 0.07 ya sekunde ile. Mabadiliko yakifika 200,000 kwa sekunde, akiba inakuwa karibu asilimia 0.7, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kukunja mikono ya shati. Mashine inayobadilisha kazi mara mia chache kwa sekunde haina faida yoyote ya kupata hapa, na mwenye mashine hiyo angefaidika zaidi kwa kutafuta ni programu gani inayoamshwa ovyo.

Hesabu hii, hata hivyo, ina upande wa pili. Kipangazamu hakifanani na kitanzi kinachozunguka mara milioni mahali pamoja. Kitanzi hukifundisha kitabiri. Baada ya mizunguko michache kitabiri kimeshajua, na kidokezo chako hakina la kuongeza. Kipangazamu huitwa baada ya programu ya mtumiaji kukaa ndani ya prosesa kwa muda, ikajaza kashe kwa maelekezo yake na kuandika kumbukumbu zake juu ya zile za kitabiri. Kinaingia katika nyumba iliyovurugwa na wengine, kinafanya uamuzi wake mfupi, kinatoka. Mashine inavyokuwa na programu kubwa zaidi, ndivyo kipangazamu kinavyokuta kashe na kitabiri vimekisahau zaidi, na ndivyo mpangilio wa msimbo unavyopata thamani kuliko kumbukumbu ya kitabiri. Nimelikazia jambo hili kwa kuwa ndilo linalotofautisha njia nne zinazofuata: kila moja inashughulikia mvurugo huo kwa namna yake.

Vidokezo vya mkono

Uzuri wa `likely` na `unlikely` ni kwamba hazihitaji chombo chochote. Unaandika, unaunda kerneli, umemaliza. Hufanya kazi kwa GCC na kwa kompaila nyingine iitwayo Clang, kwa prosesa za x86 na za ARM, na anayesoma msimbo anapata habari kuhusu nia ya mwandishi. Ubaya wake ni kwamba kidokezo ni dai kuhusu mashine za watu wote lililoandikwa na mtu aliyekuwa akiifikiria mashine yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika historia ya kipangazamu chenyewe. Ndani ya `context_switch` kuna sharti linalouliza kama kazi inayofuata ina kumbukumbu ya mtumiaji au ni uzi wa kerneli, yaani kazi ya ndani ya kerneli yenyewe. Zamani sharti hilo lilidokezwa `unlikely`, kana kwamba kuhamia uzi wa kerneli ni tukio adimu. Mwaka 2009 mtu mmoja alipima kwenye mashine yake yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha Nehalem akakuta kidokezo hicho kinakosea zaidi ya asilimia 90 ya wakati. Sababu yake si ngumu kuiona mara ukishaonyeshwa: kiini kisipokuwa na kazi kinakabidhiwa kwa uzi wa mapumziko, na uzi huo ni wa kerneli, hauna kumbukumbu ya mtumiaji, mashine yenye viini vingi visivyojaa kazi hupita kwenye uzi huo kila mara kazi inapolala. Kidokezo kikageuzwa. Leo mstari huo hauna kidokezo chochote, na naona huo ndio uamuzi wa haki, kwa sababu jibu la sharti lile linategemea mzigo, na mwandishi wa kerneli hajui mzigo wako.

Linganisha na `if (likely(prev != next))` ndani ya `__schedule`, ambayo kidokezo chake bado kipo. Hapo dai ni kwamba kipangazamu kikiitwa, kazi itakayochaguliwa haitakuwa ileile iliyokuwapo. Kwa mashine nyingi ni kweli. Lakini ukiwa na programu iliyo peke yake kwenye kiini chake na inayoita `sched_yield` ndani ya kitanzi ikingoja kitu, dai hilo ni uongo kila mara, na hasara unayoilipa ni kuruka kwenda kwenye msimbo uliowekwa mbali. Hata hivyo nisingemshauri mtu akigeuze: programu inayofanya hivyo ndiyo ya kurekebishwa.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba wakati mwingine kidokezo si kiini cha habari. Katika kuchagua kazi inayofuata, kerneli huuliza kwanza kama kazi zote zilizo kwenye foleni ni za daraja la kawaida, na sharti hilo limefungwa ndani ya `likely`. Likiwa kweli, funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) ya daraja la kawaida inaitwa kwa jina lake moja kwa moja, bila kupitia kielekezi cha daraja, yaani anwani ya funksheni iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Faida kubwa hapo inatoka kwenye kuukwepa wito wa kielekezi, ambao baada ya kasoro za usalama za prosesa ziitwazo Spectre kutangazwa Januari 2018, na kinga yake iitwayo retpoline kuwekwa, ulikuwa ghali kwa makusudi. Ukiondoa neno `likely` na kubakiza sharti, sehemu kubwa ya faida inabaki. Anayeendesha kazi nyingi za wakati halisi, kwa mfano za sauti au za kudhibiti mitambo, atakuta sharti hilo linashindwa mara nyingi, na kwake ni vyema ajue kwamba kidokezo kimeandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Chombo cha kuhakiki vidokezo, kilichoandikwa mwaka 2008, kimo ndani ya kerneli: unaunda kerneli ukiwa umewasha `CONFIG_PROFILE_ANNOTATED_BRANCHES`, unaiendesha kwa mzigo wako wa kweli, kisha unasoma faili la `branch_annotated` lililo katika saraka ya `trace_stat`. Kila mstari una idadi ya mara kidokezo kilipopatia, mara kilipokosea, asilimia, jina la faili na namba ya mstari. Kerneli ya namna hiyo ni nzito, kwa hiyo isipimwe kasi yake; inatumika kwa kuhesabu tu. Na kabla ya kuongeza kidokezo kipya, tazama kama hakimo tayari: `WARN_ON`, `BUG_ON` na `IS_ERR` zimeshabeba `unlikely` ndani yake, na kuzifunga tena ni kuvaa kofia juu ya kofia.

Kwa ufupi, vidokezo vya mkono vinafaa pale ambapo jibu linatokana na maana ya msimbo wenyewe: kosa, hitilafu, hali isiyotakiwa kutokea. Sharti ambalo jibu lake linatokana na mzigo lisidokezwe kwa mkono. GCC kuanzia toleo la 9 ina `__builtin_expect_with_probability`, inayokuruhusu kutaja uwezekano badala ya ile asilimia 90, lakini mtu anayejua uwezekano huo kwa namba ameshapima, na aliyepima ana njia bora zaidi.

Wasifu uliopimwa

Njia hiyo ni kuiacha kompaila ijifunze kutoka kwenye mashine yako. Kerneli inaendeshwa kwa mzigo wa kweli, `perf`, chombo cha kupimia cha Linux, inachukua sampuli za maruko yaliyotokea, sampuli zinageuzwa kuwa faili la wasifu, na kerneli inaundwa upya kwa kufuata wasifu huo. Kwa Linux, mfumo wa AutoFDO pamoja na mwenzake Propeller, anayepanga upya vipande vya msimbo wakati wa kuunganisha, viliingizwa katika toleo la 6.13 lililotoka Januari 2025. Vyote viwili vinataka Clang. Aliyezoea kuunda kwa GCC ahesabu gharama ya kuhama.

Ukiiweka njia hii kando ya vidokezo vya mkono, tofauti ya kwanza ni upana. Mtu hudokeza mistari michache anayoikumbuka. Wasifu unagusa kila sharti lililopitwa, pamoja na uamuzi wa ni funksheni zipi ziingizwe ndani ya nyingine na zipi zikae jirani. Kwa kipangazamu kinachoingia katika kashe iliyovurugwa, huku kukusanya njia yote ya moto mahali pamoja ndiko kunakoleta faida, na hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo kwa mkono bila kuharibu usomaji wa msimbo. Tofauti ya pili ni ukweli: wasifu hauna kiburi. Ukiwa na Clang unaweza pia kuwasha onyo la `-Wmisexpect`, linalokuambia ni wapi kidokezo cha mkono kinapingana na wasifu, na hapo njia ya pili inageuka kuwa mkaguzi wa ile ya kwanza.

Masharti yake ni magumu, nami nitayakalia kwa sababu ndiyo yanayoamua. Sampuli bora hutegemea prosesa yenye uwezo wa kukumbuka maruko ya mwisho iliyoyapita. Intel wanao tangu zamani, Nehalem ikikumbuka 16 na Skylake 32, na AMD wameuleta kwa ukamilifu katika Zen 4. Seva yetu ya mtumba, pamoja na uzee wake, inaweza. Mashine pepe za kukodi, zinazoigizwa ndani ya seva ya mtu mwingine, mara nyingi hazimpi mpangaji uwezo huo, na bodi ndogo za ARM kama zetu za vituoni hazina njia rahisi ya kuupata. Ukipiga `perf record -b` ikakataa, umepata jibu: njia hii si ya mashine hiyo, labda uwe na nyingine inayofanana nayo.

Kisha kuna swali la kuchukua sampuli lini. Katika vituo vya maziwa, pilikapilika ni za alfajiri hadi saa tatu asubuhi na tena jioni. Mchana kutwa seva inapumua tu. Wasifu uliochukuliwa saa saba mchana ungeiambia kompaila kwamba njia ya moto kuliko zote ni ya kwenda kwenye uzi wa mapumziko, na ungekuwa unasema kweli tupu, lakini ukweli usiomsaidia mtu, kwa sababu hakuna anayelalamikia ucheleweshaji wakati hakuna kazi. Njia ambazo hazikupitwa wakati wa kupima huhesabiwa kuwa baridi na kusukumwa mbali. Chukua sampuli wakati wa msongamano, na uchukue za kutosha.

Wasifu pia huzeeka. Kipangazamu cha CFS kilidumu tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007 hadi utaratibu wake wa kuchagua kazi ulipobadilishwa na EEVDF katika toleo la 6.6 la mwaka 2023. Aliyekuwa na wasifu wa kabla ya hapo alikuwa na ramani ya mji uliojengwa upya. Mabadiliko mengi ni madogo kuliko hayo na wasifu huyavumilia, lakini ukipanda toleo kubwa, chukua upya.

Funguo tuli na wito tuli

Njia ya tatu haibashiri bora zaidi. Inaondoa haja ya kubashiri. Ufunguo tuli ni sharti ambalo halisomwi kutoka kwenye kumbukumbu kila linapofikiwa. Mahali pake katika msimbo pana elekezo tupu lisilofanya kitu, la baiti 5 kwa kawaida ya x86, na siku hali inapobadilika, kerneli inaandika ruko juu ya elekezo hilo, ndani ya msimbo unaoendeshwa. Mbinu hii iliingia mwanzoni mwa mwaka 2011 katika toleo la 2.6.37, na kipangazamu kinaitumia sana: kujua kama viini vya prosesa vina nyuzi pacha, kama kuna kikundi kilichowekewa kikomo cha muda wa prosesa, kama takwimu za kipangazamu zimewashwa. Toleo la 6.12 la mwaka 2024 lilipoleta sched_ext, inayomruhusu mtu kupakia kipangazamu chake mwenyewe, swali la kama kimepakiwa lilifungwa kwa ufunguo tuli pia, ili asiyekitumia asilipe kitu.

Kwa kulinganisha: kidokezo cha mkono hubakiza usomaji wa kumbukumbu, ulinganishi na ruko, ila hupanga vizuri, ufunguo tuli hufuta vyote vitatu na hauchukui nafasi katika kumbukumbu ya kitabiri wakati umezimwa. Kwa nyumba iliyovurugwa hakuna mgeni mwema kuliko asiyehitaji kitu. Bei yake inalipwa siku ya kugeuza: kerneli inalazimika kuviarifu viini vyote na kuhakikisha hakuna kinachoendesha maelekezo nusu ya zamani nusu ya mapya. Sharti linalobadilika mara moja kwa siku, au mara moja mashine inapowaka, ni mahali pake halisi. Sharti linalobadilika kila sekunde litakufanya ujute.

Wito tuli ni ndugu yake, kwa ajili ya vielekezi vya funksheni badala ya masharti. Uliingia mwaka 2020 katika toleo la 5.10, na ndio unaoiwezesha x86 kuchagua namna ya ukatizaji wa kazi wakati wa kuwasha mashine kwa kigezo cha `preempt=`, bila kulipa bei ya wito wa kielekezi kila mara. Kwa ARM ya biti 64, uchaguzi huohuo unafanywa kwa funguo tuli.

Njia ya nne, ya kuandika msimbo usio na njia panda kwa kutumia hesabu au maelekezo ya kuchagua thamani, nitaipitia upesi. Inafaa pale ambapo jibu halitabiriki kabisa na pande zote mbili ni fupi, kwa mfano kuchukua thamani ndogo kati ya mbili. Kompaila hulifanya hilo yenyewe mara nyingi. Ndani ya kipangazamu upande mmoja wa sharti kwa kawaida ni mrefu au unagusa foleni, na kuulazimisha ufanyike kila wakati ili kukwepa njia panda ni kulipa kwa hakika ili kukwepa deni la kubahatisha.

Kupima bila kujidanganya

Watu wengi hupima kipangazamu kwa `perf bench sched pipe`, ambapo kazi mbili zinarushiana ujumbe, mara 1,000,000 usipotaja vingine. Ni kipimo kizuri cha kitu kingine. Njia inayopitwa ni ileile kila mara, kashe ina joto, kitabiri kimeshakariri, kwa hiyo vidokezo vyako vitaonekana havina maana hata vikiwa nayo, au kerneli mbili zitatofautiana kwa sababu tu msimbo umeangukia mahali tofauti kwenye mistari ya kashe. Pima kwa programu yako halisi, na pamoja na muda soma idadi ya makosa ya upande wa kerneli pekee, kwa `perf stat -e branches:k,branch-misses:k`. Kasi ikiongezeka na makosa yasipungue, faida imetoka kwenye mpangilio wa kashe, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya kumwandikia mtu kwamba umeboresha utabiri.

Na hapa Tanga kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitaji. Msimu wa kaskazi, karakana yenye feni moja hufikia joto ambalo prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Tuliwahi kufurahia kerneli mpya kwa siku nzima kabla ya kugundua kwamba ile ya zamani tuliipima baada ya adhuhuri na mpya tuliipima usiku. Siku hizi tunafunga masafa ya saa yasipande wala kushuka, tunazima kasi ya ziada, tunapima baada ya swala ya alfajiri, na tunapokezana kerneli mbili katika kikao kimoja: ya zamani, mpya, ya zamani, mpya.

Nani achague nini

Aliye na seva yake mwenyewe, yenye mzigo unaojirudia siku hadi siku na mabadiliko ya kazi mengi kwa sekunde, achague wasifu uliopimwa, akubali kuhamia Clang, na aache vidokezo vilivyomo kama vilivyo. Anayekodi mashine pepe na asiyeunda kerneli mwenyewe hana la kuchagua kati ya haya; anachoweza ni kuzima kwa vigezo vya kuwashia vile asivyovihitaji, na funguo tuli zilizoandikwa na wengine zitamfanyia kazi. Anayeongeza kipengele kipya ndani ya kipangazamu, ambacho wengi hawatakitumia, akifunge kwa ufunguo tuli tangu siku ya kwanza, maana kidokezo cha `unlikely` kitawatoza hata wasiokitaka, kidogo kidogo, katika kila badiliko la kazi. Mwenye bodi ndogo asihangaike: bomba ni fupi, makosa ni nafuu, na kashe yake ndogo itafaidika zaidi akiiunda kerneli bila vipengele asivyovitumia.

Ndivyo tulivyofanya. Seva imeundwa kwa wasifu wa asubuhi ya msongamano. Visanduku vya vituoni vina kipangazamu kilekile cha kila mtu, ila kerneli yake imepunguzwa. Binti yule nilimpa kazi ya kuwasha `branch_annotated` kwenye kisanduku kimoja kwa siku tatu, nikitarajia ataniletea mstari fulani wa kipangazamu. Aliniletea mstari wa dereva ya mizani, niliyoiandika mimi. Nilikuwa nimedokeza `unlikely` kwenye sharti la "uzito haujabadilika", nikiwa namfikiria mfugaji wa alfajiri anayemimina ndoo baada ya ndoo, ilhali saa nyingi za siku mzani umekaa mtupu na dereva inausoma mfululizo. "Mwalimu, hiki kimekosea karibu kila mara," alisema, akaniwekea karatasi mezani. Nilikifuta kidokezo, sikukigeuza.